Kidani cha Zena na Kidole Changu

Jumamosi, 3 Mfungo Sita 1329
Asubuhi kupaka hina, mchana kupiga pembe. Leo kwa Bi Mwanaisha, anaoza bintiye Zena. Maneno niliyoyasikia huko, daftari hili halitoshi. Nimeazima kidani cha mwari, alicholetewa na mchumba wake Salimu. Jivan, Mhindi wangu mpiga picha, ataka picha ya bibi harusi, na wanawake wa Malindi hawakai mbele ya mwanamume wakapigwa picha. Nikamwambia mimi nipo. Shoga ni wa nini?

Jumanne, 6
Picha imetoka. Ukaya hadi puani, macho ya wanja, mkono gotini. Jivan kaiweka dirishani mwa duka lake. Miaka minne twakaa pamoja, yeye na vioo vyake vya picha, mimi na pembe yangu, hajapata kuniangalia vile. Nimeringa hadi sokoni. Miaka arubaini na sita mimi!

Alhamisi, 8
Balaa. Salimu kapita dukani, kakitambua kidani. Ati mchumba wake kakaa uso kwa uso na mpiga picha. Harusi hataki tena. Bi Mwanaisha kaapa aliniazima mimi, hawamsadiki. Nimekwenda kwa kina Salimu kusema mwenyewe, wamenifukuza, ati nimetumwa na wanawake. Zena hali, hanywi. Jivan aogopa, ataka kukivunja kioo cha picha. Nimemkataza. Avunje uzuri wangu kwa nini?

Ijumaa, 9
Baada ya sala nimevaa vilevile. Ukaya, wanja, kidani kanipa tena Bi Mwanaisha. Nikapita njia kuu, picha mkononi, mchana kweupe, mpaka barazani kwa kina Salimu. Nikawapa picha. Nikakaa kama nilivyokaa, mkono gotini. Kidole changu cha mwisho kimepinda tangu utoto, kila aliyeoa mji huu amekiona juu ya pembe. Ami yake Salimu katazama picha, katazama kidole. Kisha:
"Salimu mwanangu, umemwonea wivu aliyepiga pembe harusi ya mamako."
Wamecheka hadi machozi. Salimu naye. Wacha wacheke. Kichwa sikukiinamisha. Nani mwengine, mwanamume wa umri huu, kadhaniwa mwari?

Jumapili, 11
Wameoana. Nimepiga pembe mpaka midomo imevimba. Zena kanivika kikuba chake cha asumini.
Picha imerudi dirishani. Jivan kaandika jina langu chini, kwa herufi zetu, zimekwenda upande. Faraji. Nimenunua chumvi duka la mkabala na dirisha hilo mara tatu. Nyumbani chumvi tele.