Matairi ya Kuvukia Mto

Bwera, Jumapili, Novemba 1974

Mvua imeanza adhuhuri na haina dalili ya kukata. Milima haionekani kabisa. Nimekaa barazani, mbele yangu yamelala matairi manne madogo ya zamani kwenye tope, na pale gari linaposimama siku zote pamebaki doa la oili tu.

Landrova yangu imekwenda.

Sijui niandike nini baada ya hapo, lakini nisipoandika nitamfokea mama Mariamu, na mke wangu huyo hana kosa. Tangu jana nimeshamfokea mbuzi, nimeifokea redio, nimemfokea na jirani aliyekuja kunipa pole. Pole yake ilinitonesha kidonda.

Mariamu ni binti yetu wa pekee. Ameolewa huko juu ya Ibanda, barabara inapokwisha na njia ya kupanda mlima inapoanza. Kati ya nyumba yake na barabara nzuri kuna mto wa mawe. Msimu wa mvua wa mwaka jana uchungu ulimshika, nikaenda kumchukua na gari. Tukiwa katikati ya maji difu, lile bonge la chuma chini ya gari, likakaa juu ya jiwe, magurudumu yakawa yanazunguka bure. Tulisukuma, tukachimba, tukamwomba Mungu. Mwishowe waliomtoa pale ni watu wa kipoi, wanaume wa kule wanaobeba wagonjwa mabegani kwa machela ya miti na kamba. Yeye walimfikisha hospitali. Mtoto hakufika.

Niliapa gari lile halitakaa tena juu ya jiwe.

Sasa Mariamu ana mimba nyingine, na mkunga amesema ni mwezi huu huu.

Kuinua gari wakati huna hela kunataka ukaidi, na ukaidi ndio mali pekee ambayo sijawahi kupungukiwa. Maduka ya spea ya Kasese, tangu Wahindi wenye maduka wafukuzwe, yamebaki rafu na vumbi. Ukiuliza bolti ya gurudumu unaambiwa urudi wiki ijayo, na wiki ijayo unaambiwa hivyo hivyo. Lakini mimi nasafirisha chumvi kutoka Kabatoro, na ng'ambo ya mpaka chumvi inanunua vitu ambavyo noti zetu hazinunui. Kwa chumvi nilipata matairi ya lori dogo lililokufia kwenye shamba la kahawa upande wa Kongo. Rimu zake zinaingia kwenye Landrova bila ugomvi, ila mpira ni mrefu, mpana, wenye meno ya kutafuna tope. Yalivuka moja moja siku za soko, yakibiringishwa katikati ya wanawake wenye vikapu.

Fundi wangu ni Kasereka, Mkatoliki wa Butembo aliyekimbia vita vya kwao akiwa na koleo, nyundo na rozari. Ananiita Haji ingawa mimi sijafika hata Mombasa. Nilishaacha kumkatalia.

Tulipofunga gurudumu la kwanza lilisugua madigadi. Kasereka akayakata kwa msumeno wa chuma, akakunja kingo kwa nyundo ili zisichane mpira. Usukani ukizungushwa mpaka mwisho, tairi likagusa springi. Akasogeza bolti zinazozuia gurudumu lisikate kona sana, kwa hiyo gari likawa linageuka kwa shida, linataka uwanja mzima. Halafu tukaongeza majani ya springi kutoka kwenye lori bovu, tukayachoma moto na kuyakunja upya. Ilikuwa kazi ya wiki nyingi. Mikono yangu bado ina harufu ya grisi hata nikitawadha.

Lilipotelemka kwenye jeki nililala chini, nikapitisha kisanduku cha chumvi chini ya difu. Kilipita. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo.

Kila mwenye gari huku kwetu anajua kwamba siku hizi gari zuri halionyeshwi. Rangi unaiacha ibabuke, mlango mmoja unaufunga kwa waya hata kama kitasa kipo, taa moja unaing'oa na kuiweka ndani ya gunia la mtama. Gari liwe na sura ya ombaomba ndipo mwenye bunduki alipite. Kasereka alinionya tukiwa bado tunafuta mikono.

"Haji, rudisha mipira ya zamani mpaka siku ya safari. Hii mikubwa tufiche mu nyumba. Basoda bakiiona, batabeba gari yote."

Nilimwambia sawa, askari hawataiona. Jana asubuhi nikaondoka na mikubwa.

Nilijiambia nakwenda kulijaribu, na kweli nililijaribu. Kule Kasenyi, kwenye tope la kando ya ziwa ambapo malori ya samaki huzama mpaka tumboni, nilipita kama natembea uwanjani kwangu. Wachuuzi wa samaki walipiga makofi. Lakini ningeweza kulijaribu kwenye shimo lolote la hapa Bwera. Nilitaka waliocheka msimu ule, waliosema Landrova ya mzee ni sanduku lenye honi, wanione.

Wakati wa kurudi, njia panda ya Kikorongo ilikuwa na kizuizi cha askari ambacho asubuhi hakikuwepo.

"Wewe mzee, shuka! Gari ya nani?"

"Yangu, afande."

Alilizunguka taratibu. Akapiga tairi teke, akainama kutazama chini. Mlango wenye waya hakuuangalia hata kidogo.

"Hii tairi napanda mlima?"

Mungu anisamehe, nilijibu kwa fahari. "Inapanda popote, afande."

"Basi. Sisi nakwenda mlima. Leta funguo."

Nilimweleza kwa Kiswahili chake kwamba binti yangu iko na mimba, kwamba gari ni ya kumuleta hospitali. Nilishika mkono wake, kitu ambacho mtu mwenye akili hafanyi.

"Mimba ya serikali? Toa mkono! Chukua koti yako, kwenda!"

Nikachukua koti. Waliondoka na gari kuelekea Kasese, na kwenye kona ya kwanza niliona dereva wao anahangaika na usukani usiokata. Moyoni nikaomba lipinduke, halafu nikaomba lisipinduke, maana huenda wakalirudisha. Hawatalirudisha. Nilipata lifti ya lori la ndizi mpaka nyumbani.

Lakini kilichoninyima usingizi si gari.

Mwezi jana mkwe wangu alikuja hapa kuniuliza neno. Kule kwao kikundi cha kipoi kina sheria moja: baragumu likilia, kila nyumba inatoa mwanamume, hata kama kahawa imeiva na inadondoka. Asiyebeba wa wenzake, wake habebwi. Kijana alikuwa amechoka kuitwa. Aliniuliza kama aendelee.

Nikamwonyesha matairi makubwa yaliyosimama ukutani. "Toka tu," nikamwambia. "Mkeo ana gari."

Akatoka. Nasikia aliwaaga kwa maneno hayo hayo niliyompa, mbele ya wanaume waliombeba mkewe msimu ule.

Kwa hiyo sasa Mariamu hana gari na hana kipoi. Mto umejaa, naujua mvua ikiwa hivi. Nimeogopa. Sijawahi kuogopa namna hii hata mbele ya bunduki ya jana.

Leo baada ya misa Kasereka alikuja, bado amevaa shati lake jeupe. Alitazama doa la oili. Nilingoja aseme kwamba alinionya, ili nipate mtu wa kumfokea kwa haki. Aliomba kisu tu, akachuchumaa kwenye mvua, akaanza kutoa mipira ya ndani ya yale matairi madogo. Aliipasua ikawa mikanda mipana, akaisuka miwili miwili.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Kamba ya migomba inakata mabega, Haji. Mupira hii inavuta kidogo, haikate mutu." Akajaribu fundo kwa meno. "Kule kwetu, mutu akikuja kuomba kipoi na mikono mitupu, banamucheka. Anakuja na kamba yake na bega yake."

"Bega la nani?"

Akanionyesha langu kwa ncha ya kisu. Kisha akasema kesho tutakwenda kwa Mariamu, kwa lori la samaki mpaka Kasese, ila kabla ya Kikorongo yeye atashuka apite vichakani, kwa kuwa hana karatasi, na nimngoje mbele. Alisema hivyo kama anayezungumzia kwenda dukani.

Nimekuwa mtu wa magari tangu ujana wangu. Nimebeba chumvi, samaki, maiti za watu, hata harusi. Nilibeba nikiwa nimekaa. Kesho nitasimama mbele ya wale wanaume wa kipoi, niwaambie kwamba nyumba ya binti yangu inarudi kikundini, na baragumu likilia nitakwenda mimi, mzee wa gari, mpaka mkwe wangu atakapoaminiwa tena. Wanaweza kukataa. Mimi ningekuwa wao ningekataa.

Kasereka alipoondoka nilivaa mkanda mmoja begani, hapa hapa barazani, nione unakaaje. Mama Mariamu akatoka jikoni akanikuta nimesimama na mkanda usio na mzigo. Hakucheka. Alikuja, akashika ncha inayoning'inia kwa mikono yote miwili, akakunja miguu na kuniachia uzito wake wote.

Niliyumba, nikashika nguzo.

"Simama tena," akasema, na hakuuachia mkanda.