Mashamba Yanayoshuka Mtoni

Mjukuu wangu Neema,

Sisi huku Etobicoke hatujambo. Lifti imetengenezwa, mama yako amerudi kazini, na mguu wangu umeanza kunitii.

Barua yako nimeisoma mara mbili, pamoja na Kiingereza ulichochomeka katikati. Kumbe parokia unayofundisha huko New Brunswick, ambayo kwao ni kama kata, ina mashamba membamba kama mikeka, yote yakishuka mtoni, kwa sababu walowezi walifika kwa mashua kabla ya barabara, na kila nyumba ilitaka kuyagusa maji. Unauliza utajuaje kama umekuwa mwenyeji, ikiwa watu wanakusalimia kwa adabu tu.

Nilipoolewa Upareni, na mimi nilisalimiwa kwa adabu tu. Kule maji ya mfereji yalikwenda kwa zamu, shamba kwa shamba. Asubuhi moja nilikosea siku, nikaifungulia migomba yangu maji. Jirani yetu, Mama Eliwaza, akaja na jembe begani. "Wewe bibi harusi, kwenu hakuna zamu?" Alifoka mpaka akachoka, akaketi, nikampa chai. Ndipo akanisimulia mfereji ulichimbwa na nani, na nani aliwahi kumnyima nani maji. Siku nyingine aliponifokea, aliniita kwa jina.

Basi usiogope kukosea, mama. Waulize mipaka yao, nani alihama, nani alibaki. Adabu ni ya wageni. Siku mtu akikufokea kwa jina lako, nipigie simu palepale. Nitapika pilau.

Bibi yako