Chura Wenu Bado Amekalia Matete Yetu

Kiruruma,
Karagwe.
14 Julai, 2024.

Mpendwa mwanangu Novath,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Baba yako hajambo, kifua kimepungua ila asubuhi anakohoa. Bibi yako Restuta yupo, anakula vizuri, na kila gari likiunguruma barabarani anauliza kama ni wewe. Dada yako Jovitha mzima, mtoto wake ameota meno mawili na ananing'ata. Hata ng'ombe amezaa, ndama jike. Mimi mwili hauna neno, ni moyo tu. Huko Morogoro unalala vizuri? Unakula? Usinidanganye.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kila siku unasema, "Mama, vumilia kidogo," halafu unakata. Barua huwezi kuikata.

Ni habari ya yule chura. Ulipowaleta wakubwa wako wa utafiti wakamkuta bondeni kwetu, uliahidi mbele ya mwenyekiti kwamba hatutakata matete mpaka wajue ni chura wa aina gani. Nikasema sawa, nikidhani ni wiki mbili tatu. Hiki sasa kiangazi cha pili! Mara wanasema ni aina yake peke yake, mara ni yule yule anayejulikana ila ana rangi nyingine. Na chura mwenyewe kama kucha ya kidole gumba! Jovitha alipochumbiwa hatukuuliza ukoo wa bwana kwa muda wote huu.

Kibanja kinakauka, mwanangu. Unajua migomba yetu bila kutandaziwa nyasi haivumilii jua, na nyasi za mlimani ng'ombe wamezimaliza, ya kutandaza yamebaki hayo matete tu. Mikungu inatoka myembamba mpaka naona aibu kumpelekea mgonjwa ndizi. Juzi jirani Cleophace alipita akanichokoza, "Mama Novath, mkwe wako wa kwenye matete ameamkaje?" Nikamjibu, "Ameamka, anauliza wewe mbona hujanawa uso." Tulicheka, lakini nilipoingia ndani nililia.

Simchukii huyo chura. Jioni wakianza kulia, kama shanga zinagongana, mimi nasikiliza. Sitaki afe. Lakini na sisi tule.

Baba yako angeshakata. Mimi ndiye namzuia, maana ahadi ni yako, na naogopa usije ukafukuzwa kazi kwa ajili ya migomba. Ila nimechoka kukaa katikati yenu.

Waambie wakubwa wako waje watuoneshe upande wanaoutaka, tuuzungushie kamba, huo mwingine tukate. Wakishindwa kuja, basi watuletee nyasi wao.

Msalimie mkeo Felicitas, mwambie ule mtama wa uji nimeutuma na kondakta. Mungu awafunike na kuwalinda.

Nijibu haraka. Usiniandikie nivumilie, andika nikate au nisikate. Hapa ninapoandika, baba yako yuko nje ananoa mundu.

Mama yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Mackrine