Laptop Uliyoninunulia, Hukunikabidhi

Baba Shomari, mume wangu,

Eda yangu imekwisha. Mama yako alinisimamia nikaoga, nikavua nguo za eda, nikatoka barazani kwa mara ya kwanza tangu ulipozikwa. Jua liliniumiza macho. Majirani wakanisalimia, nikaitikia, nikarudi ndani kwa sababu sikujua niende wapi.

Nakuandikia kwa kalamu. Ile laptop yetu ya zamani haiwaki tena, na ile mpya si yangu. Najua barua hii haikufikii. Lakini jambo hili tulilianza wawili, na sina mwingine wa kummalizia maelezo.

Unakumbuka tulivyolianza? Nilikuwa nimetoka kufanyiwa upasuaji wa titi, na daktari akanikataza kubeba vitu vizito kwa mkono wa kushoto. Nikabeba hivyo hivyo. Siku za gulio nilipanda gari kwenda Fukayosi, mara nyingine Lugoba, nikakaa kwenye kibaraza cha duka na laptop yangu kuwajazia watu maombi yao: mikopo ya chuo, ajira, vyeti vya kuzaliwa. Nikirudi jioni mkono umejaa kama mkate uliolowa. Wewe ulikuwa ukiukanda kwa mafuta ya nazi, unaitukana ile laptop. Uliiita tofali.

"Tofali hili likajenge nyumba," ulisema. "Tutafute nyepesi."

Wewe fundi makochi, hujawahi hata kuwasha kompyuta, ndiye uliyeanza kuuliza. Kila mteja aliyekuja karakanani kuvalisha sofa lake, ukamuuliza laptop yake ina uzito gani. Ukajifunza kwamba ya inchi kumi na tatu ni nyepesi kuliko ya kumi na tano, kwamba nyingine ni nyepesi lakini chaji yake haimalizi asubuhi, na kwamba Fukayosi umeme ukikatika, wepesi peke yake haunisaidii. Ulikuwa ukinieleza haya wakati wa kula kana kwamba mimi ndiye sijui.

Halafu ukaja na lile wazo lako la sukari. Ulitia kilo ya sukari na robo ya chumvi kwenye mkoba, ukanivisha begani, ukasema, "Hii ndiyo ile ya kumi na tatu. Nenda hadi msikitini urudi." Nikaenda. Nikarudi, ukaongeza unga. "Na hii ndiyo ile yenye betri kubwa. Nenda tena." Mama Tatu wa nyumba ya pili akatoka mlangoni na upawa mkononi.

"We Mwanaidi, sukari yenu mbona mnaitembeza? Inaumwa?"

"Inanyooshwa miguu," ukamjibu wewe, kabla sijafungua mdomo.

Alicheka mpaka akaketi. Wewe hukucheka. Ulikuwa umeshika bega langu unalitazama, unataka kujua kama limeanza kuvimba. Tukakubaliana kwamba kilo moja na robo naiweza. Iliyozidi hapo, hapana.

Mkoba ule uliushona mwenyewe, kwa kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye makochi ya watu. Ulinipima bega kwa futi kama unapima kiti. Ndani ukaweka sponji, mkanda ukaufanya mpana usinikate, ukanivisha ukasema, "Haya, huu ni wako. Bado mpangaji wake."

Mpangaji wake, laptop yenyewe, ndiye tuliyebishania. Mimi nilitaka tununue papo hapo. Wewe ukasema tusubiri, vyuo vinafunguliwa, wauzaji wamepandisha bei, wakishauza kwa wanafunzi watashusha.

"Na mkono wangu nao usubiri?" nikakuuliza.

"Mkono nitaubeba mimi."

Ukaubeba kweli. Kila siku ya gulio ulinitangulia stendi na lile tofali kichwani, ukampa kondakta maelekezo kana kwamba linakwenda Makka. Vyuo vikafunguliwa, bei zikashuka, bado ukasema tusubiri kidogo. Nilikununia. Sikujua kwamba ulikuwa umeshanunua.

Hilo nimelijua juzi. Shomari, mwanao ambaye mimi sikumzaa, alikwenda kufungua karakana yako pale Dunda, kutoa vitu vya mirathi. Chini ya sponji akakuta boksi la laptop halijafunguliwa. Mzee Kibwana, mwenzako wa karakana, akasema mbele ya watu wote: "Aliinunua mimi nikiwepo, Kariakoo. Alisema ya mkewe. Alisema atampa Idi, amshtukize."

Idi, Baba Shomari. Ukaanguka uani mwa msikiti baada ya alasiri, hukuamka tena, na Idi bado iko mbali.

Tulikaa sebuleni: mama yako, Shomari, Mzee Kibwana, mimi, na sheikh aliyekuja kugawa. Boksi lilikuwa katikati ya mkeka. Sheikh alinitazama kwa upole.

"Mwanangu, sikiliza kabla hujajibu. Marehemu alikukabidhi kitu hiki? Alikitia mkononi mwako?"

Nilielewa swali. Ukimpa mtu zawadi akaishika, ni yake. Ukiinuia tu moyoni ukafa, ni mali ya marehemu, na ina warithi. Ningesema ulishindwa kungoja Idi, ukaitia mkononi mwangu kisha ukairudisha karakanani, na hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kunipinga. Mzee Kibwana alikuwa ananitazama huku akiitikia kwa kichwa polepole, kama anayemfundisha mtoto kusema ndiyo. Neno moja tu, na kesho ningekuwa kwenye gari la Fukayosi.

Lakini ndio kwanza wamemaliza kukuombea dua. Ningesemaje kwamba ulinipa, juu ya mkeka ule ule?

Nikasema, "Hapana, sheikh. Sikujua hata kama ipo."

"Basi ina wenyewe," akasema, akainamisha kichwa.

Mama yako akasema papo hapo, "Fungu langu mimi nampa Mwanaidi. Mashine mimi ya nini, niitafune?" Nikambusu mkono. Lakini fungu lake na langu, la mke, ukiyaweka pamoja ni madogo. Kubwa ni la Shomari, na Shomari, macho kwenye vidole vya miguu yake, akasema iuzwe.

Akauliza kama mkoba nao uuzwe pamoja na laptop, mnunuzi angeupenda. Sheikh akaniuliza swali lile lile.

"Huu alinivisha mwenyewe," nikasema. "Bega langu linaujua."

Mkoba ukawa wangu. Umetundikwa hapa msumarini, mtupu.

Usimkasirikie mwanao. Alinifuata uani baadaye, nilipokuwa nachota maji.

"Mama mdogo, ungesema ndiyo tu. Nani angebisha?"

"Mbona wewe hukusema unaniachia?"

Akasema, "Mke wangu anajifungua mwezi huu. Kazi yangu ya Chalinze imekwisha. Ungesema ndiyo, ningekuwa sina la kuchagua." Macho yake yalikuwa kama yako ukiwa na homa. Akanipokea ndoo, akaiingiza ndani.

Kwa hiyo laptop inauzwa. Atainunua mwalimu mmoja wa Kiromo, atakuja Jumamosi. Wateja wangu wa Fukayosi bado wanapiga simu. Binti mmoja aliniambia jana, "Mama, dirisha la mikopo linafungwa, nikusubiri au nitafute mwingine?" Nikamwambia tafuta mwingine. Nilipokata simu nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Sina kazi, sina tofali, sina wewe wa kulibeba tofali. Hata nikianza kuchagua upya, nani ataniambia hii ndiyo na ile siyo? Mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. Watu wote walikuwa wanakuandaa wewe kuishi bila mimi, nakumbuka walivyokuwa wananong'ona. Hakuna aliyeniandaa mimi.

Nimekasirika, mume wangu. Nakuambia ukweli, kama nilivyomwambia sheikh. Ungeileta ile jioni uliyoinunua, ungenirushia tu mapajani na vumbi la karakana mikononi, nisingekuwa hapa. Furaha ya Idi ningekuwa nayo siku hiyo hiyo. Naswali, namwomba Mungu aniondolee hasira hii, na kabla sijanyanyuka kwenye msala imerudi.

Leo Shomari ameniletea, akaniomba niifungue niiwashe, mwalimu akija aione inafanya kazi. Hakuna mwingine nyumbani anayejua. Nikaitoa kwenye boksi. Ulichagua vizuri. Nimeinyanyua kwa mkono wa kushoto, ule mbaya, na haukulalamika. Nikaiweka mezani haraka, nisiizoee.

Ikawaka. Ikauliza lugha, ikauliza nchi, nikajibu. Kisha ikauliza jina la mwenyewe. Shomari alikuwa amesimama nyuma yangu. "Weka lolote, Mama mdogo, mwalimu atabadilisha."

Vidole vyangu vilikaa juu ya herufi muda mrefu. Langu sikuweza kuliweka, hata kwa mchezo. Nikaandika lako, jina lako na la baba yako, herufi kwa herufi.

"Mbona umeweka la baba?" akauliza.

"Ndiye mwenyewe," nikamwambia, "mpaka Jumamosi."

Ulale pema, Baba Shomari, na unisamehe hasira yangu.

Mkeo,
Mwanaidi