Rufaa Niliyokunyima, Issa

Mpwa wangu Issa,

Barua tatu nimekuandikia huko gerezani Masasi, zote nimezichana kabla hazijafika posta. Hii naiandika wazi, anayetaka kusoma asome, maana kosa langu nililifanya mbele ya watu na nimechoka kulificha.

Unakumbuka kesi ya mbuzi? Ulikuwa na miaka tisa hivi. Mbuzi walikula mihogo ya bibi yako hapa Chilangala, na aliyewaachia ni mwanangu, si wewe. Mimi nilijua. Lakini mwanangu alikuwa mbishi, kikao kingechukua siku nzima na watu wana njaa, basi nikakunong'oneza, "Sema nimekosa, yaishe." Ukapiga magoti, ukamshika bibi miguu, ukasema. Ugali ukaletwa, tukala. Nikakusifu mbele ya ukoo wote, kwamba huyu ndiye kijana! Ukatabasamu, masikini, hujui nimekufundisha nini.

Ndivyo tulivyo sisi. Mjomba akisema kubali, mpwa anakubali, na kikao kinafungwa. Hata asiyekosa huomba radhi ili watu wale pamoja. Nikadhani dunia nzima inakwenda hivyo.

Mwaka ule wa moto, wewe ulikuwa umefagia chini ya mikorosho yako vizuri kuliko mimi. Ulikusanya majani katikati ya shamba, ukalima ukanda kuyazunguka, ukawasha asubuhi upepo ukiwa umetulia. Nilikuwepo! Nikakutania, "Unachoma majani au unapika pilau?" Ghafla upepo ukageuka, moto ukarukia kwa jirani yetu Baba Zuhura, mikorosho yake ikaungua. Uliupiga moto kwa matawi mabichi mpaka mikono ikababuka. Lakini Baba Zuhura alikuwa na kinyongo na sisi tangu ule ugomvi wa mpaka, akaenda polisi, na shtaka likaandikwa kwamba ulichoma kwa makusudi.

Siku ya mahakama, pale nje, nilikuambia, "Usibishane na wakubwa. Kubali, omba radhi, turudi nyumbani." Wakakusomea shtaka, wakakuuliza kama ni kweli. Ukanitazama. Nikakuitikia kwa kichwa.

"Ni kweli, mheshimiwa, moto ulitoka kwangu. Namwomba Baba Zuhura anisamehe."

Ukataka na kupiga magoti, askari akakushika bega. Na mimi nilikuwa natabasamu, Issa. Nilikuwa nangoja waseme basi, yamekwisha. Wakasema miaka mitano.

Tangu hapo sauti yako hainiachi. Nikipulizia dawa mikorosho, bomba linanguruma mgongoni, naisikia humo humo: ni kweli, mheshimiwa. Nikiwa kwenye foleni ya maji Newala, mchana kweupe, kijana wa mbele yangu akigeuka nakuona wewe. Juzi nimeitika "naam" peke yangu shambani. Mke wa Baba Zuhura alikuwa anapita, akanitazama, akaongeza mwendo.

Na hilo la mahakamani si baya kuliko yote. Ulinitumia ujumbe kutoka huko: "Mjomba, askari anasema nina siku kumi za kusema kama nataka kukata rufaa. Nifanyeje?" Nikakujibu kwa kiburi kabisa, "Mtu akishakiri hana rufaa. Tulia." Maneno hayo niliyaokota ghalani tulipopeleka korosho, kwa mtu ambaye hata sheria ya baiskeli haijui. Nikakupa wewe kama vile nimeyatoa msahafuni. Ukatulia.

Mwaka ukapita, ndipo akaja yule wakili wa msaada wa bure, binti mdogo tu, nikamdharau. Akasema ni kweli, aliyekiri kosa kwa kawaida hulalamikia adhabu tu. Lakini kama kukiri kwake hakukukamilika, anaweza kukata rufaa hata kupinga kutiwa hatiani. Akasoma maneno yako kwenye nakala ya kesi, akainua uso. "Babu, huyu amekiri moto. Makusudi hajakiri popote." Nikamwomba asome tena.

Siku zilikuwa zimeshapita, ikabidi kuomba muda na kueleza kwa kiapo kwa nini ulichelewa. Wakili akaja kwako, ukamwambia hukuijua sheria. Basi. Jina langu hukulitaja. Lo, Issa! Hata huko bado ulikuwa unanifungia kikao mimi.

Nikakataa kufichwa. Nikaenda ofisini kwake Newala na mama yako, nikaapa: mimi ndiye niliyemwambia akubali, na mimi ndiye niliyemwambia hakuna rufaa. Dada yangu alikuwa hajui. Akasema, "Kumbe ni wewe, kaka," kwa sauti ya chini, akajitanda khanga usoni. Mpaka leo ananipikia, lakini hazungumzi nami.

Muda umetolewa. Wiki ijayo rufaa yako itasikilizwa na watakuleta. Wakili amenionya nisishangilie mapema. Jaji anaweza kuikataa, anaweza kukuachia, au kesi ikaanza upya na wewe ukajibu upya. Ikianza upya, jibu lililo lako. Mimi sina tena la kukushauri, na naogopa, naogopa sana.

Nitakuwa nimesimama mlangoni pa mahakama watakapokushusha garini. Najua desturi, najua mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, na ukoo utakuwepo unatazama. Waache watazame. Siku hiyo atakayetoa shikamoo ni mimi. Uitikie au upite kimya, yote ni haki yako.

Ni mimi, ndugu wa mama yako,
Mjomba