Sauti ya Wanja Isifutwe

Jumatatu, 1 Septemba
Mazoezi tena, chumba kile nyuma ya bucha, Majengo. Ngoma, besi, kinanda changu. Wa kuimba hakuna. Albamu yetu ya disko ina nyimbo kumi; nane tulirekodi na Wanja, mbili bado. Mutuma, kiongozi wetu, anasema Wanja ameokoka, hataki disko tena. Ameokoka! Miaka sita tunaimba pamoja na hata kuniaga hakuniaga. Simu hashiki. Mshenzi.

Alhamisi, 4 Septemba
Mutuma ameleta msichana, Kendi, arudie nyimbo zote. Sauti ya Wanja ifutwe. Kendi anaimba vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.
Nikamwambia Mutuma, "Ukifuta, mimi natoka."
"Ni Wanja mwenyewe ameomba, Zuhura."
Uongo. Nikabeba kinanda changu nikaondoka.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimeenda kwao Kibugu kumtukana. Ndiyo, kumtukana. Kutoka Meru njia nzima napanga maneno. Nikamkuta anachuma majani chai na mamake, kitambaa shingoni. Nikampigia kelele pale pale shambani.
Mamake akanishika mkono. "Wacha, mwanangu. Alitolewa uvimbe kwa koo. Sauti haikurudi."
Wanja akafungua mdomo. Ukatoka upepo tu.
Habari ya kuokoka aliitunga Wanja mwenyewe. Mutuma alijua. Nilidhani hasira itaisha. Imezidi. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia hata mara moja. Akaandika kwenye simu yake, akanionyesha: "Ningekupigia na nini?"

Jumapili, 7 Septemba
Mutuma anasema aliapishwa. Apotelee mbali na kiapo chake. Wanja hataki kujisikia redioni akiimba, na sasa hawezi hata kuita kuku. Naelewa. Lakini nimemwandikia: zile nyimbo si zako peke yako, na mimi nimo ndani. Njoo uzisikilize kwanza, halafu ufute kwa mkono wako.
Hajajibu. Nimeupiga mlango teke. Kidole cha mguu kimevimba.

Jumapili, 14 Septemba
Wanja alikuja chumba cha mazoezi; nami nilikuwa nimerudisha kinanda. Akavaa spika za masikioni, akasikiliza zote nane. Wimbo wa tatu ukamliza. Hakufuta.
Kisha akamwita Kendi kwa kidole, akamwekea kiganja tumboni, akamwonyesha pa kuvuta pumzi katika wimbo wa tisa, ule ambao bado. Mimi nilipiga kinanda polepole, wakipumua pamoja.