Picha Mbili za Nyota Changa

West Indies, Eldoret
Jumamosi

Kwako Kaka Nicholas,

Natumaini wewe, wifi Mercy na watoto mko wazima, na mahindi huko Soy yamepata mvua. Huku tuko salama, ingawa hiyo "salama" nimeiandika nikiuma meno.

Uliniambia Mama anakuja kwangu kupumzika kidogo. Kaka, msimu mzima umeisha. Na kazi yangu ya chuo unaijua: nina picha mbili za wingu la vumbi lililo ndani ya galaksi ya mbali, moja ya mwanga wa kawaida, nyingine ya infraredi, mwanga ambao macho hayauoni lakini unapenya vumbi. Kwenye ya kwanza ni giza tu. Kwenye ya pili nyota changa zimejaa. Natakiwa kuzilinganisha, na msimamizi wangu, Daktari Mabonga, amechoka kuniuliza zimefika wapi.

Nitazilinganisha saa ngapi? Mama amewatangazia wanawake wa maombi kwamba binti yake anapiga picha mbinguni. Jirani yangu Mideva aliniuliza kama nimemwona marehemu mumewe. Nikamwambia hizi ni nyota na vumbi, akanisihi nisimfiche. Mwingine alitaka nyota zimwambie apande lini. Mama naye hukaa kando yangu akiwaeleza, kama aliyeijenga darubini kwa mikono yake. Amenimwagia chai mezani, na nikimwomba atulie anasema nimekuwa mkali.

Alhamisi nilishindwa. Sebule ilijaa, nikafungua picha ya infraredi waione waende zao. Stima ikapotea. Kompyuta yangu haina betri, kwa hivyo kioo kikawa cheusi. Mama akaendelea, kidole kikiwa juu ya kioo.

"Hizi ndogo ndogo ndizo changa," alisema. "Oneni zinavyong'aa."

Hakuna aliyecheka. Mideva aliwainua wenzake, wakatoka polepole.

Kaka, Mama haoni. Jicho la kushoto lilikwisha mwaka jana, na la kulia linaona vivuli tu. Aliyokuwa akiwaeleza wageni aliyashika nikiongea na Daktari Mabonga kwa simu. Nilimkasirikia, nikakukasirikia wewe unayeishi naye boma moja, kisha nikajikasirikia mimi, ambaye kazi yangu ni kuangalia.

Jana nilimpeleka hospitali ya Plateau. Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, na anaweza kutolewa. Mama akakataa. Tulibishana kwenye benchi mpaka nesi akatuhamisha. Mwishowe akasema sababu.

"Nikilala kwa hiyo kitanda, Nicholas atauza ng'ombe."

Nilimwambia wewe huwezi kufanya hivyo. Akaniambia alikusikia nyuma ya zizi ukikubaliana na mnunuzi. Macho ndiyo yalikwisha, si masikio. Ndiyo maana alinyamaza muda huo wote: aliogopa kwamba tukijua haoni, utasema hawezi tena kuwachunga.

Operesheni imepangiwa Jumanne, lakini atakubali tu ukija useme mbele yake kwamba hawauzwi. Nilimpa neno langu, akalikataa. Anataka lako.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mama anawasalimu pia, na ameniomba nisikuandikie habari ya ng'ombe.

Ni mimi dada yako, ninayekungoja Jumatatu,
Jerop